Mwenye ng'ombe wawili na alama ya TBS

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wafugaji, nawashukuru kwa kuja. Najua wengi mmeamka alfajiri kukamua na jioni mtarudi tena zizini, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye swali mlilonitumia kupitia kwa katibu: mwenye ng'ombe wawili atatoa wapi fedha ya cheti cha usalama wa chakula?

Nimepokea maziwa kwenye kituo cha kukusanyia upande wa Muheza kwa miaka mingi, na nilichelewa kuelewa jambo moja. Ada ya cheti siyo inayomwangusha mfugaji mdogo. Kinachomwangusha ni vitu ambavyo mkaguzi anataka kuviona kabla hajaandika neno: maji safi, sakafu inayosafishika, vyombo visivyoficha uchafu, tenki la kupozea, daftari. Hivyo ndivyo vyenye gharama, na hakuna kaya ya lita tano kwa siku itakayovibeba peke yake.

Ada kwanza, maana hiyo ni nyepesi. TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ina utaratibu kwa wajasiriamali wadogo wanaopitia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Mnakwenda ofisi ya SIDO ya mkoa, mnapewa barua ya utambulisho, mnaiambatanisha na maombi, na miaka ya mwanzo mnapata unafuu wa gharama za alama ya ubora. Tangu 2019 shughuli za chakula zilizokuwa TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, zimehamia TBS, hivyo usajili wa jengo na alama ya ubora viko kwenye mlango mmoja. Bodi ya Maziwa nayo ina usajili wake, chini ya sheria ya 2004. Makaratasi ni hayo.

Sasa maziwa yenyewe. Yanatoka kwenye kiwele yakiwa na joto la nyuzi 38 hivi. Saa mbili tatu za mwanzo yana kinga yake ya asili, kisha kinga hiyo inakwisha. Joto likibaki lile lile, bakteria wanaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi kinataka daraja la kwanza lisizidi bakteria 200,000 kwa mililita, na la mwisho lisizidi 2,000,000. Pigeni hesabu: 200,000 wakiongezeka maradufu mara nne wanakuwa 3,200,000. Kinga ikishakwisha, ni saa mbili tu za kumsubiri bodaboda, na maziwa yaliyokuwa ya daraja la kwanza hayana daraja tena.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeshuka na maziwa kutoka mlimani. Wiki moja niliyakataa mara tatu. Nikichanganya maziwa yake na spiriti kwa kipimo sawa, yanaganda. Nikamwambia ng'ombe wake ana ugonjwa wa kiwele, akaenda kutafuta mtaalamu wa mifugo, akamlipa, ng'ombe akaonekana mzima. Siku ya nne nikashika dumu lake la plastiki, nikalichungulia kwa tochi. Ndani kulikuwa na utando wa njano, na mdomo wa dumu ni mdogo kiasi kwamba mkono hauingii. Mama wa watu alikuwa analisuuza kila siku kwa bidii, lakini lile dumu halioshwi likatakata. Kituo kikamkopesha keni ya aluminiamu, kikawa kinamkata kidogo kidogo kwenye malipo ya maziwa. Kesho yake yakapita. Bado naumia nikikumbuka fedha aliyompa yule mtaalamu kwa sababu ya neno langu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: alama iombwe na kituo, kwa mtindi au maziwa yaliyochemshwa na kufungashwa pale, na kila mwanachama awajibike kwa namba ya keni yake. Tuseme wanachama 80, kila mmoja lita tano: lita 400 kwa siku. Mkikatana shilingi 20 kwa lita, ni 8,000 kwa siku, 240,000 kwa mwezi. Kwa mwanachama mmoja ni 3,000 kwa mwezi. Fedha hiyo ndiyo inayonunua keni za mkopo, inayovuta maji, inayomlipa mpokeaji aliyefunzwa. Hapa Tanga tunajua umoja unavyofanya kazi: TDCU, ulioanzishwa 1993, ni muungano wa vyama vya wafugaji wadogo, na umekuwa mwanahisa wa kiwanda cha Tanga Fresh.

Tena msikubali mtu awaambie mdogo hafundishiki. Kenya, wachuuzi wa maziwa mabichi walikuwa wakifukuzwa mitaani. Utafiti ukaonyesha kwamba wakifunzwa na kupewa vyombo vinavyofaa, ubora unapanda, na kuanzia 2004 bodi yao ya maziwa ikaanza kuwapa leseni badala ya kuwafukuza.

Yapo mawili ambayo moto hauyaondoi, na hapa nawasihi. La kwanza ni dawa. Ng'ombe akichomwa sindano ya antibayotiki, someni lebo, hesabuni siku za kusubiri, na maziwa ya siku hizo yasiingie kwenye keni, hata yakiwa mengi na mazuri kwa macho. La pili ni sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Mahindi na mashudu yaliyoota ukungu ambayo mmeona hayafai kwa ugali, msimpe ng'ombe. Sumu inapita mwilini mwake inaingia kwenye maziwa, na anayekunywa zaidi ni mtoto. Keni moja yenye dawa au sumu ikimwagwa kwenye tenki, imechafua lita 400 za watu 80.

Ndiyo maana daftari lazima liwe na namba ya keni, saa ya kupokelewa, kipimo cha laktomita kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji, na nani ametibu ng'ombe lini. Mkaguzi ataliomba kabla hajaomba maji ya kunywa.

Katibu ameweka spiriti, laktomita na vikombe vyeusi vya kukamulia matone ya kwanza, vya kutambua ugonjwa wa kiwele, pale mezani. Waliokuja na maziwa ya asubuhi, sogeeni na keni zenu, na wenye madumu pia. Tuyapime hapa hapa, mkiona kwa macho yenu.