Mjamzito Akikaripiwa, Huficha

Mhadhara wa mkunga mstaafu kwa vikundi vya akina mama na wanafunzi wa uuguzi, Tanga

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, marahaba, pamoja na nyie mlionyamaza.

Niliombwa nizungumzie "mahusiano mema kati ya mtoa huduma na mteja". Jana usiku nimeikodolea macho mada hiyo mpaka chai ikapoa. Siiwezi. Mimi nitazungumzia kukaripiwa.

Nianze na kichwa changu mwenyewe. Mwaka 1994 nilikuwa na mimba ya pili, miezi saba na nusu. Nilikuwa nesi tayari, mwaka wa nne kazini, ila siku hiyo sikuvaa sare. Nilivaa gauni pana, kanga begani, na kandambili, maana miguu ilishavimba viatu haviingii. Kichwa kilikuwa siku ya tatu kinagonga. Na kulikuwa na jingine: nikitazama ukuta mweupe naona vinyota vinapita, vinakuja vinazimika. Nikaenda hospitali ambayo sikuwa nafanya kazi, nikapanga foleni tangu saa moja asubuhi. Zamu yangu ikafika saa sita.

Daktari alikuwa kijana. Hakuinua uso. "Tatizo?" Nikasema kichwa. Akasema, huku anaandika, "Mjamzito gani haumwi kichwa? Nyie mimba ya kwanza mnajikaza, ya pili mnadeka." Kalamu haikusimama hata kidogo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimweleze vile vinyota. Nikaufunga.

Hapo ndipo nataka mkae na mimi kidogo. Kifafa cha mimba, lile degedege linaloletwa na presha ya mimba, nilikisoma, nikakifanyia mtihani, nikakifaulu. Nilijua kabisa vinyota vile maana yake nini. Lakini nilikuwa nimeshaambiwa nadeka, na sikutaka kudeka zaidi. Nikashukuru, nikatoka na kikaratasi cha panadol. Presha sikupimwa. Mashine ilikuwa juu ya kabati nyuma yake, imezungushiwa mpira wake vizuri.

Njiani nikapita zahanati kwa rafiki yangu, kuomba maji ya kunywa tu. Yeye aliniangalia uso ulivyovimba, hakuniuliza kitu, akanifunga ule mkanda mkononi. 170 kwa 110. Mkojo ukaonyesha protini, alama tatu. Kwa msiojua: baada ya wiki ya 20, presha ya mjamzito ikifika 140 kwa 90 tunaanza kumfuatilia kwa karibu. Ikifika 160 kwa 110 hiyo ni dharura, degedege laweza kumwangusha muda wowote. Usiku uleule nilifanyiwa upasuaji, wiki ya 33. Mtoto mwenyewe ni yule pale mlangoni anayechezea simu. Ana miaka thelathini na kitu na bado hajui kukaa kwenye mhadhara.

Kila nikisimulia kisa hiki watu husema, "Daktari yule mbaya." Ngojeni kwanza.

Mwaka 1999 nipo wodi ya wazazi, zamu ya usiku, mimi na mhudumu mmoja. Akina mama kumi na mmoja, vitanda saba. Akaletwa binti wa miaka kumi na saba, mimba ya kwanza, analia kwa sauti. Nikamwambia ile sentensi. Mnaijua. Haya, naona mnacheka, basi niitaje, maana tukiificha tunailinda: "Wakati unafanya hukulia, leo unalia nini?" Kicheko hichohicho kilitoka vitandani usiku ule.

Binti akanyamaza, nami nikaona kazi imefanyika. Nikampima njia ya uzazi bila kumwambia ninachotaka kufanya. Imefunguka sentimita nne. Nikamuuliza, "Hujanywa dawa za kienyeji wewe?" Wanafunzi, liangalieni swali hilo. Limeulizwa kwa sauti iliyokwisha kuchagua jibu. Akatikisa kichwa. Uchungu ulikuwa unakuja juu ya uchungu, tumbo halipati muda wa kulegea, lakini yeye kauma pindo la kanga, hatoi sauti, na mimi nilikuwa nakimbilia wanaopiga kelele. Niliporudi kwake nikainama na kile kitarumbeta cha kusikilizia mtoto, mapigo yalikuwa sitini na kitu. Yanatakiwa yawe kati ya 110 na 160.

Mtoto hakulia.

Asubuhi nikamkuta bibi yake barazani, amekaa juu ya beseni lililofunikwa, ndani yake nguo za mtoto. Akaniambia bila ukali wowote, "Jioni tulimpa dawa ya kuharakisha, mwanangu. Nikamwambia amweleze nesi. Akasema nesi mkali."

Nesi mkali. Kwetu kazini hiyo ilikuwa sifa! Wakunga wakubwa walitufundisha hivyo kwa kutukaripia sisi wenyewe: mama asipokemewa hasukumi, asiposukuma mtoto anachoka. Tuliamini ukali ni sehemu ya tiba, kama sindano. Kwa hiyo mkimtafuta daktari mbaya wa 1994, mtafuteni na nesi mkali wa 1999, amesimama mbele yenu na kipaza sauti.

Watu wengi huliweka jambo hili kwenye adabu. Daktari awe na lugha nzuri, atabasamu, aseme karibu mama. Sikatai. Lakini mimi ni mkunga, na kwa macho ya mkunga kinachopotea pale ni kipimo. Sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu mimba tunakipata mdomoni mwa mama. Maluweluwe, kama vile vinyota vyangu, hayana mashine. Mtoto kupunguza kucheza, wa kwanza kujua ni mama, na anaweza kujua siku nzima kabla yako. Maji yamevuja tangu lini, damu ilitoka kiasi gani, alikunywa nini, mimba iliyopita iliishaje, yote hayo yako kwake. Ukimwambia anadeka, umekirudisha kipimo kabatini na mpira wake.

Wala haya si ya kwangu peke yangu. Hapahapa mkoani, Korogwe na Muheza, palifanyika utafiti chini ya mradi ulioitwa Staha, matokeo yakachapishwa 2014. Akina mama waliojifungua waliulizwa wakiwa wanatoka kituoni kama walitendewa vibaya. Asilimia 19 na ushei wakasema ndiyo. Baadhi yao wakafuatwa nyumbani wiki 5 hadi 10 baadaye, wakaulizwa tena. Ikawa asilimia 28.

Nimewahi kusikia watu wakibishana ipi kati ya tarakimu hizo ndiyo sahihi. Mimi naitazama ile nafasi iliyo katikati. Ni matusi yaleyale, kilichobadilika ni mahali alipokaa anayeulizwa. Getini bado yumo mikononi mwetu: mtoto atarudi kuchanjwa, na nesi atakayeshika sindano ni huyohuyo. Akifika kwake, akikaa jikoni na dada zake, ndipo inatoka. Sasa kama tusi lenyewe analificha mpaka afike nyumbani, unadhani dawa ya bibi atakuambia?

Jirani zetu Kenya nao walipima, mradi wao ukiitwa Heshima, katika vituo 13. Mwanamke mmoja kati ya watano alisema alidhalilishwa. Na mnakumbuka ya Bungoma. Agosti 2013, miezi miwili tu baada ya Kenya kutangaza huduma ya uzazi bure katika hospitali za umma, mama mmoja alijifungulia sakafuni kwenye ujia wa hospitali ya umma, akapigwa makofi na kutukanwa kwa kuchafua sakafu. Kuna mtu alirekodi. Mama yule akaenda mahakamani, na Machi 2018 Mahakama Kuu ikasema haki yake ya utu na ya afya ilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya na aombwe radhi. Karibu miaka mitano tangu siku ile mpaka hukumu. Wangapi wana miaka mitano?

Kuna wanaosema hayo ni ya maskini, mwenye pesa zake hakaripiwi. Basi mchukueni Serena Williams, bingwa wa tenisi. Alijifungua Septemba 2017, kwa upasuaji. Siku iliyofuata akaanza kukosa pumzi. Yeye aliwahi kupata damu iliyoganda mapafuni miaka ya nyuma, kwa hiyo alijua. Akamweleza nesi anahitaji picha ya mapafu na dawa ya kuzuia damu kuganda. Nesi akafikiri dawa za maumivu zimemchanganya akili. Wakaanza kwa kumpima miguu. Akashikilia neno lake mpaka picha ikapigwa, na mabonge ya damu yakakutwa humo mapafuni. Mwanamke aliyeshinda mataji makubwa 23 aliambulia jibu letu lilelile, unachanganyikiwa. Tofauti ni kwamba hakunyamaza. Mimi nilinyamaza.

Daktari mmoja, mtu mwema tu, aliwahi kuniambia, "Mama, mimi nina foleni ya watu themanini. Heshima nitaipatia wapi muda?" Nilimwelewa. Nimefanya zamu ambazo hata kwenda msalani ni mpango. Mhudumu mmoja kwa kazi ya watano ni ukweli, glavu zilizokwisha ni ukweli, mshahara msiniulize. Lakini hesabu muda: "Unadeka" na "Macho yanaonaje?" yote ni sekunde mbili. Na hiyo ya pili huenda ikakuokolea usiku mzima wa degedege. Foleni inaeleza kwa nini hukukaa naye dakika ishirini. Haielezi kwa nini hukuinua uso.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito akutane na wahudumu mara nane, siyo nne tena. Mara nane, sawa. Mtu anayekaripiwa kwa kuchelewa kuanza kliniki, akakaripiwa kwa mimba kufuatana, akakaripiwa kwa kuja bila mume, atakuja mara nane? Atakuja mbili, apate kadi asije akafukuzwa siku ya uchungu.

Baadaye, katika mojawapo ya wilaya zile mbili za Staha, wananchi na watumishi walikalishwa pamoja, wakaandika mkataba wa huduma, nani anamdai nani nini, na hospitali ikafuatilia kasoro zake yenyewe. Walipopima tena, wakalinganisha na wilaya ya pili, uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulipungua kwa asilimia 66. Nawatajia hili kwa sababu kuna wenzangu hudhani nesi huzaliwa mkali.

Sasa nyie wenye matumbo, maana najua mmekuja kwa hili. Ukiingia kwa daktari, la hatari litangulie. Usianze na kiuno, ukaja na kukosa usingizi, ukamalizia na damu ukiwa umeshika kitasa cha mlango. Sema: "Daktari, kichwa kinaniuma siku ya tatu na naona maluweluwe. Naomba nipimwe presha na mkojo." Akikupuuza, usibishane. Mwombe kwa upole kabisa, "Basi naomba uniandikie kwenye kadi kwamba nimekueleza hivyo." Mtaona kalamu inavyosimama. Mtu hupenda kupuuza neno lililosemwa, lakini kuliandika kwa mkono wake halafu alipuuze ni kazi nyingine. Nenda na mtu: dada, wifi, mume kama ni wa kukaa kimya. Na ukitoka hujaridhika, siku hiyohiyo nenda kituo kingine. Kesho ni mbali.

Mahali pa kushtaki papo. Kuna mganga mfawidhi wa kituo, kuna kamati ya usimamizi wa kituo ambayo ndani yake wamo wananchi wa kawaida, kuna mganga mkuu wa wilaya, na mabaraza ya taaluma, la wauguzi na wakunga na la madaktari. Sanduku la maoni nalo lipo. Kituo kimoja nilichofanya kazi, ufunguo wa sanduku ulikaa mfukoni mwa yule aliyelalamikiwa kila wiki. Alilifungua kwa uaminifu mkubwa!

Wanafunzi, kwenu nina maombi madogo. Kabla ya kumpima mama njia, mwambie. Jina lake liko juu ya kadi, lisome. Na likija lile swali la dawa, uliza, "Mama, nyumbani wamekupa dawa gani?" Usitie "huja" mbele. Kisha subiri. Atakuangalia usoni kwanza, ataangalia kama umekunja uso. Mwache aangalie.

Binti yule nilimtafuta. Nilimpata mwaka wa pili, sokoni, anauza dagaa. Alinitambua kabla sijamsogelea, akaanza kupanga mafungu yake upya. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akasema, "Hakuna neno, nesi," akanifungia dagaa, akakataa pesa. Sijui mpaka leo kama ile ilikuwa radhi au ilikuwa bado ananiogopa.

Muda umekwisha, naona mratibu ananionyesha saa. Maswali tutayachukua huku kazi inaendelea, maana mashine ya presha ipo pale mezani na wenzangu wawili wapo tayari. Wajawazito watangulie. Wewe mama wa ushungi wa kijani, tangu nianze unabonyeza paji la uso. Njoo uwe wa kwanza. Taratibu, usikimbie. Mpisheni kiti hapo, jamani.