Mto Artibonite na habari za Haiti tunazoletewa

Asanteni, kaeni, na wale wa nyuma sogeeni mbele viti viko. Tangazo linasema nitaongea historia, jiografia na vyombo vya habari vya Karibi, visiwa vyote, na kweli nimekuja na mada tatu, lakini wanaonijua washajua nitaanza Haiti na huenda nikaishia hukohuko Haiti. Mnisamehe. Ya 1804, Haiti ilipojipatia uhuru, siyarudii. Ya lile deni la Ufaransa la 1825, faranga milioni 150 wanadaiwa watu washajikomboa kwa damu yao, nimeyasema humu ndani mpaka fundi wa spika anayajua kwa moyo. Leo nataka mto mmoja tu, Artibonite.

Februari 2025 askari wetu Mkenya aliuawa kule, wa kwanza tangu lile kundi la kwanza la polisi wetu 400 waliopelekwa kupambana na magenge litue mji mkuu, Port-au-Prince, Juni 2024. Aliuawa Artibonite, mkoa wenye jina la mto huo. Nikakaa nikasoma habari zilivyoandikwa hapa kwetu, na karibu zote ni sentensi ileile, "Artibonite, ngome ya magenge," halafu aya ya mwisho ile ya kunakili na kubandika, "Haiti ni nchi maskini kuliko zote katika ukanda huo." Basi. Kijana wa watu amefia mahali na hatuambiwi mahali penyewe ni wapi.

Haya, ni wapi? Haiti inagawana kisiwa kimoja na Jamhuri ya Dominika. Mto unaanzia milimani upande wa Dominika, unavuka mpaka, unazuiwa na bwawa la Péligre lililomalizika 1956, ukishuka unaingia uwanda mpana wa mashamba ya mpunga, mwishowe unamwaga maji ghuba ya Gonâve. Ndio mto mrefu kuliko yote Haiti, na uwanda ule ndio ghala la mchele la nchi. Kwa hiyo genge likishika Artibonite limeshika sahani ya watu, limeshika na barabara ya kutoka mji mkuu kwenda kaskazini. Hilo tu mngeliandika kwenye aya ya pili msomaji angeelewa kwa nini wanagombania pale wakaacha kwingine.

Sasa naona kuna mtu ameshakunja uso, "kwani mwalimu unataka kusema magenge ni uongo wa wazungu?" Hapana bwana. Oktoba 2024 genge la Gran Grif liliingia Pont-Sondé, hukohuko Artibonite, likaua watu zaidi ya 70, watoto wachanga wakiwemo. Ni kweli na ni unyama. Ninachouliza ni kwa nini mto huu unaingia kwenye habari zetu siku ya damu peke yake.

Kwa sababu mto huu una kesi nyingine. Oktoba 2010, miezi kumi hivi baada ya lile tetemeko la Januari, kipindupindu kiliingia Haiti, ugonjwa ambao watu wa pale hawakuwa na kumbukumbu nao kabisa. Kilitokea wapi? Karibu na Mirebalais kulikuwa na kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Nepal, uchafu wa choo ukaingia kijito, kijito kikaingia Artibonite, na watu wa mto wanakunywa mto. Waliokufa wanakaribia 10,000. Umoja wa Mataifa ukakwepakwepa mpaka 2016 ndio katibu mkuu wake, Ban Ki-moon, akaomba radhi. Sasa wewe ni mama wa pale Artibonite, unaona magari ya kijeshi yanashuka tena, sare nyingine, nchi nyingine, hata wawe watu wazuri namna gani utawatazamaje? Halafu mwandishi wetu anashangaa eti "baadhi ya wakazi wana shaka na ujumbe huo." Shaka! Na usiniulize kama napinga polisi wetu kwenda, kila nikisema hivi lazima mtu aulize hilo. Nasema aliyewapeleka na anayewaandika, wote wawili, walipaswa kuujua mto huu kabla.

Na nani angetuambia? Hapa ndipo naingia kwenye redio, na hapa nitakaa kidogo.

Kulikuwa na mtu anaitwa Jean Dominique. Alizaliwa 1930 familia ya kujiweza, akasomea kilimo Paris, akarudi kufanya kazi na wakulima. 1958 kaka yake Philippe aliingia kwenye jaribio la kumpindua dikteta Duvalier, yule baba, likashindwa, kaka akauawa, na Jean mwenyewe akasukumwa jela miezi kadhaa. Alipotoka kilimo hakukirudia tena. Mwanzoni mwa miaka ya 70 akanunua kituo kidogo, Radio Haiti, na akafanya jambo ambalo mkilisikia mtaliona dogo: akasoma habari kwa Kikrioli, lugha ya nyumbani ya Wahaiti. Habari zenyewe, uchunguzi, mahojiano, bei ya kahawa. Kabla ya hapo Kikrioli hewani kilikuwa cha vichekesho na matangazo ya sabuni, habari nzito ni Kifaransa, na Kifaransa kinaeleweka na watu wachache mno, kwa hiyo watu wa serikali waliongea wenyewe kwa wenyewe na nchi nzima ikawa inasikiliza mlio tu. Na zile redio ndogo za transista zilikuwa zimeshafika vijijini, kwa hiyo mkulima wa mpunga ambaye hajawahi kushika gazeti ghafla anasikia mkulima mwenzake anahojiwa kwa lugha ya nyumbani.

Sasa ujanja wake ndio naupenda. Huwezi kumsema Duvalier hewani, siku zile mtoto amerithi kiti cha baba, macoute, wanamgambo wao, watakuja usiku. Basi 1979 dikteta Somoza anaanguka Nicaragua, na Dominique akaitangaza Nicaragua kama vile iko mtaa wa pili. Leo waasi wamefika hapa, leo rais anafunga mizigo, leo amekimbia. Ni habari za nje jamani! Nani atamshtaki kwa habari za nje? Na kila aliyesikiliza alijua anaambiwa nini. Wanafunzi wangu huniambia uandishi chini ya udikteta hauwezekani, nawaambia nendeni mkasome namna yule bwana alivyosoma habari za kimataifa.

Mlango ulifungwa Novemba 28, 1980, wiki chache baada ya Reagan kushinda uchaguzi wa Marekani na watu wa Duvalier mtoto kuona sasa hakuna wa kuwauliza haki za binadamu. Kituo kikavunjwavunjwa, waandishi wakakamatwa, mkewe Michèle Montas akafukuzwa nchini, yeye mwenyewe akajificha ubalozi wa Venezuela. Miaka sita New York. Februari 1986 Duvalier akakimbia, na Machi hiyo Dominique akarudi, na uwanja wa ndege ulijaa maelfu kwa maelfu ya watu. Kumpokea mtangazaji! Wakulima wakachanga visenti kukijenga kituo upya. Niambieni hapa kwetu ni mwandishi gani akifukuzwa mkulima atamchangia. Kimya eh? Ndio.

Mapinduzi ya 1991 yakamtoa tena, akarudi 1994, na Aprili 3, 2000, asubuhi mapema, anaingia uani kwa kituo, akapigwa risasi pamoja na mlinzi wake Jean-Claude Louissaint. Mpaka leo walioagiza hawajahukumiwa. Majivu yake mkewe na wakulima waliyamwaga Artibonite. Mto uleule, ndio. Montas akaendelea na kipindi mpaka Krismasi ya 2002 walipomfuata yeye nyumbani, mlinzi wake akauawa, na Februari 2003 akazima mitambo.

"Lakini hayo ya kale, siku hizi kuna WhatsApp." Ipo, na uvumi wa magenge unapita humohumo, Barbecue, yule kiongozi wa magenge, anajirekodi video mwenyewe hahitaji mtangazaji. Ndio maana redio za pale zinachomwa. Machi 2025 jengo la Radio Télévision Caraïbes katikati ya Port-au-Prince liliteketezwa, kituo cha tangu 1949. Le Nouvelliste, gazeti la 1898, ofisi zake ziliporwa 2024 na toleo la karatasi likasimama. Mkesha wa Krismasi 2024 waandishi wawili waliuawa wakingoja hospitali kuu ifunguliwe upya. Hawa ndio wanaotupa habari, na bado wako hewani wanatangaza, sisi tunazipata zikishapitia Miami zikatafsiriwa mara mbili.

Mchele haraka haraka, manake naonyeshwa saa. 1995 ushuru wa mchele kutoka nje ulishushwa hadi asilimia 3, mchele wa Marekani uliopewa ruzuku ukamwagika, wakulima wa Artibonite wakafilisika, wengi wakahamia mabanda ya Port-au-Prince. Clinton mwenyewe, rais wa Marekani wa wakati ule, alikiri mbele ya Seneti ya kwao 2010 kwamba sera hiyo iliwafaa wakulima wa kwao Arkansas ikaiumiza Haiti. Watoto wa mabanda yale ndio magenge yanaandikisha leo. Anayetaka kubisha tubishane nje.

Mada ya pili na ya tatu ndio hizo zimekwenda na maji. Trinidad ya Julai 1990, Abu Bakr, kiongozi wa waasi, anaingia kituo cha televisheni na bunduki na kuutangazia umma kwamba serikali imepinduliwa, hiyo ilitaka saa nzima peke yake. Na BBC kufunga idhaa yake ya Karibi 2011, kwa hiyo visiwa vya Kiingereza vikakosa sehemu moja ya kusikiana, hilo nalo tuliweke. Haya, maswali. Yule dada wa dirishani amenyoosha mkono tangu kwenye kipindupindu, aanze yeye.