Mtandamboo na Jamaa Yake Mwenye Sumu

Ahsante mwenyekiti. Mabibi na mabwana, hebu nione mikono: nani amewahi kula tandamboo akichunga mbuzi? Naona wengi, na wengine mnacheka. Basi utamu wake hamhitaji kusimuliwa. Likiwa bichi linatoa utomvu unaonata midomoni; likiiva linakuwa zambarau iliyokolea hadi weusi, unalitafuna zima na kokwa zake. Miiba nayo inatoza ushuru wake mkononi.

Nimekuja kuisifu hiyo miiba. Mtandamboo, ambao Wakikuyu huuita mukawa na Wamaasai olamuriaki, ni wa ukoo mmoja na msunguti, mti uliochemshiwa sumu ya mishale. Na yote miwili huota kwenye miteremko mikavu yenye mawe. Majani ya yote miwili hukaa mawili mawili yakitazamana. Vunja kijiti, utomvu mweupe. Maua ni meupe yenye wekundu kidogo, yananukia kama asumini. Matunda yakiiva, zambarau kwa zambarau! Mtoto aliyeletwa likizo kutoka mjini atajuaje?

Aangalie tawi kabla ya tunda. Mtandamboo una miiba iliyonyooka, mingine hufika sentimita 5. Msunguti hauna hata mmoja. Najua kuna wazee watakaoniambia tunda la msunguti likiiva kabisa huliwa. Wapo wanaolila, sibishi. Ila bichi ni sumu, na mimi simwachii mtoto wa miaka sita kazi ya kupima uivu.

Sumu yenyewe hupiga moyo. Mfaransa Arnaud aliitenga mwaka 1888, na baadaye madaktari wa Ulaya wakaitumia, kwa vipimo vidogo mno, kutibu moyo huohuo. Halafu kuna panya mmoja wa huku kwetu, mkubwa, mwenye manyoya marefu: hutafuna gome la msunguti na kujipaka mate yake ubavuni. Mbwa akimng'ata anaweza kufa, panya mwenyewe salama. Wataalamu waliyaeleza haya mwaka 2011.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mizizi. Wamaasai huchemsha ya olamuriaki kwenye supu ya nyama, na mchimbaji wao anaujua mti. Lakini mzizi ukishakatwa vipande na kumwagwa kwenye gunia sokoni, hauna tena mwiba wa kuutolea ushahidi. Mimi nanunua kwa mtu ninayemjua, au nachimba wangu uani. Unaota vizuri, na ni uzio usiorukwa na mwizi.

Karibuni kwa maswali.