Nipe Vitumbua Vitatu: Kuunda Michezo ya Kompyuta ya Namba kwa Watoto wa Chekechea

Ndugu walimu, na ninyi waandaaji wa programu mliojibanza huko nyuma karibu na soketi, nawasalimu.

Mtoto wa miaka mitatu ataimba moja mpaka kumi bila kukwama. Mwambie, "Nipe vitumbua vitatu," atavizoa vyote akupe. Mtafiti Karen Wynn alilionyesha jambo hili mwaka 1990. Mtoto huijua kwanza moja, baada ya miezi kadhaa mbili, kisha tatu, ndipo anang'amua kwamba namba ya mwisho kutajwa ndiyo idadi ya vitu vyote. Safari hiyo huchukua kama mwaka mzima.

Sasa tazameni michezo tunayowapa. Sauti inasema, "Weka vitumbua vitatu kwenye sinia." Mtoto anagusa, anagusa, anagusa, cha tatu kikitua tu, makofi, nyota, tarumbeta! Nani kahesabu hapo? Programu. Mtoto angeachiwa angegusa mpaka sinia lifurike. Dawa yake wala si ghali: sinia lipokee hata vinane, wekeni kitufe cha kumaliza, mtoto aamue mwenyewe pa kuishia. Akikosea, msimpigie honi. Sauti ivihesabu alivyoviweka, kila kimoja king'ae kinapotajwa, halafu aambiwe: "Hivi ni vitano. Tunataka vitatu." Tena kosa lisiwe tamu kuliko jibu. Mkiweka kikatuni kinachoteleza na kuanguka kila anapokosea, atakosea makusudi mchana kutwa, na mimi ningefanya vivyo hivyo.

Sauti nayo ina kazi yake. Wengi hurekodi "mbili" mara moja wakaibandika kila mahali, tukapata "vitumbua mbili". Najua iko miji ambako hilo halimshtui mtu, lakini rekodini kwa ngeli: viwili, vitatu, vinane. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, hapo mtapumua kidogo.

Wachoraji, nanyi nisikilizeni. Mwaka 2008 Geetha Ramani na Robert Siegler walichapisha utafiti wa Marekani kuhusu watoto wa chekechea wa familia za kipato cha chini. Walicheza kwenye ubao wa visanduku 1 hadi 10 vilivyopangwa kwenye mstari ulionyooka, vipindi vinne vya robo saa hivi, ndani ya wiki mbili. Uelewa wao wa namba ulipanda. Wenzao waliocheza ubao wa rangi tupu hawakusogea. Ubao wa duara ulipojaribiwa baadaye, haukufua dafu mbele ya ule ulionyooka. Kwa hiyo zile njia zenu zinazozunguka mlima na kupita chini ya daraja, zinapendeza, ila zinyoosheni. Na mtoto aliye kwenye 5 akipata hatua mbili, atamke "sita, saba", asirudi "moja, mbili".

Maandishi ya maelekezo yafuteni yote; hawa hawajajua kusoma. Saa inayokimbia pembeni pia, iondoeni.

Vishikwambi viko mezani, kila kimoja kina michezo minne. Zimeni sauti, mguse ovyo kwa dakika mbili bila kufikiri. Mchezo wowote utakaowapa nyota kwa mtindo huo, uwekeni kando. Tutaufungua pamoja baada ya chai tuone umelegea wapi.