Maji ya Machi, Unga wa Juni

Mbukwenyi! Wazee wangu shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana, hamjambo. Mwenyekiti ameniomba nizungumze jinsi nyumba inavyojiandaa ugonjwa mpya unapoanza kuenea. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili la kukinga mvua na kuweka akiba ya nafaka kanisani, kwenye vikoba, hata msibani nimewahi kulisema. Leo nalirudia, na nitalirudia tena, kwa sababu mvua ikinyesha napita mitaani mwetu naona bati baada ya bati halina gata, maji yanashuka yanachimba msingi wa nyumba, na mama mwenye nyumba hiyo hiyo kesho asubuhi anamsubiri muuza maji wa punda.

Habari za korona mnazijua, sitazisimulia. Nataka tarehe mbili tu. Jumatatu tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, msafiri aliyetua Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, akatangaza shule zifungwe. Sasa nyie watu wa Dodoma niambieni: katikati ya Machi kihenge cha nafaka kina nini? Naona mama pale anatikisa kichwa. Hakina kitu! Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Machi uwele na mtama bado viko shambani, na sisi tunapima unga dukani kwa kilo. Ndani ya wiki hiyo hiyo watoto wa bweni wakarudi na matranka yao. Nyumba iliyokuwa na watu wanne ikawa na watu saba kabla Ijumaa haijafika, na shule za msingi hazikufunguliwa mpaka tarehe 29 Juni. Nani alikuwa amepangia ugali wa miezi hiyo mitatu?

Ndiyo maana nasema kila siku kwamba nyumba ya huku haiwezi kuandaliwa siku ya tangazo. Chakula cha kukukuta Machi umekiweka Juni iliyopita, au hujakiweka. Lakini Machi hiyo hiyo, wakati kihenge kimekauka, kuna kitu kimoja tunacho kwa wingi na tunakiacha kiende: maji ya mvua.

Mnakumbuka watu walikimbilia nini. Ndoo za koki zilipanda bei, malimao yakapanda, tangawizi ikapanda. Kuna nyumba mtaani kwangu waliweka ndoo mlangoni vizuri kabisa: ndoo nyeupe juu ya stuli, koki ya buluu, kipande cha sabuni ndani ya wavu wa vitunguu kimening'inizwa kwenye msumari ili kuku wasikifikie. Mimi nimefundisha sayansi kimu maisha yangu yote ya kazi, nikaifurahia sana ile ndoo. Wiki iliyofuata nikafungua koki, ikadondosha tone, ikakoroma, basi. Haikuwa uvivu. Bomba lilikuwa la mgao, linatoka usiku. Mama anayapokea maji akiwa na usingizi, anajaza ya kupikia, ya kuoga watoto, ya choo, na ndoo ya mlangoni inakumbukwa mwisho, madumu yameshakwisha.

Hebu tupige hesabu pamoja. Mtu akifungua koki na kuiacha imwage huku anasugua sabuni, nusu lita inaondoka. Kapimeni nyumbani kwa kikombe kama mnabisha. Watu saba, kila mmoja mara kumi kwa siku, ni lita 35. Karibu madumu mawili ya lita 20, ya mikono peke yake! Tukimwambia mama anayenunua maji kwa dumu kwamba aoshe mikono mara kwa mara, tumemwambia atoe hela ya mboga.

Sasa angalieni juu ya nyumba. Paa la bati la mita nane kwa tano ni mita za mraba 40. Mvua ya Dodoma kwa mwaka, mwaka wa wastani, haipungui sana milimita 500. Zidisha: ni lita 20,000. Ondoa yanayoruka na yanayovuja, ondoa hata nusu, unabaki na lita 10,000, madumu 500. Kwenye paa la nyumba ndogo! Nikisema hivi wanaume wananiambia simtanki ni ghali. Nani amesema simtanki? Anza na pipa moja. Gata si lazima ununue: pasua bomba la plastiki katikati, au kunja bati kuukuu, lifunge kwa waya kwenye kenchi, lielekeze kwenye pipa. Kijana yeyote aliyekaa hapa anaimaliza kazi hiyo kwa siku moja.

Wengine wanasema maji ya bati ni machafu, kuna vinyesi vya ndege na vumbi. Ni kweli, kwa hiyo mvua ya kwanza ya msimu iache ioshe paa, na hata baada ya hapo usiyanywe mpaka uyachemshe. Lakini mimi naongelea kunawa, kufua na kudeki. Virusi vya korona vimevikwa utando wa mafuta, na sabuni ndiyo inayouvunja; maji kazi yake ni kuviondoa mkononi. Wengine wanasema pipa litaleta mbu. Lifunike! Funga kitambaa au chandarua cha zamani mdomoni, kaza kwa kamba.

Na mzee wangu mmoja aliniuliza pale Chamwino, "Mwalimu, sisi wa tembe tutakinga wapi?" Swali zuri. Tembe imeezekwa udongo, na udongo haukingi maji. Lakini kijijini kwenu shule ina bati, zahanati ina bati, kanisa na msikiti vina bati. Hilo ni la kupeleka kwenye mkutano wa kijiji, na matangi ya shule yawe na utaratibu wa kuteka ugonjwa ukiingia.

Hapa mjini msingoje kwamba mgao utakwisha wenyewe. Sensa ya 2012 ilikuta watu zaidi ya 410,000 kwenye manispaa yetu. Ya 2022, manispaa ikiwa imeshakuwa jiji, ikakuta zaidi ya 765,000. Visima vya Mzakwe, vinavyotuletea maji mjini, vinavutwa na watu karibu mara mbili.

Na maji mliyo nayo yanyimeni koki. Tengenezeni kibuyu chirizi. Dumu la lita tano, toboa tundu dogo karibu na shingo kwa msumari wa moto, lining'inize kwenye mti kwa kamba, kamba nyingine ishuke mpaka kwenye kijiti chini. Ukikanyaga kijiti dumu linainama, linachirizisha kidogo, ukiachia linasimama. Hakuna mkono ulioligusa, na dumu hilo litawatosha watu wengi kuliko mnavyodhani. Watoto wanalipenda, kwa hiyo wananawa bila kusukumwa.

Naona Mtendaji anaangalia saa, naingia kwenye unga.

Mtu ananiambia, "Mwalimu, sisi Tanzania hatukufungiwa ndani, masoko yalikuwa wazi, akiba ya nini?" Ndiyo, Rwanda na Uganda walifungiwa, sisi hapana. Lakini nyumba inajifunga yenyewe. Mama anayeuza vitumbua akianza kukohoa, nani atanunua? Mtu aliyekaa na mgonjwa alitakiwa akae mbali na wenzake siku 14. Watu sita, nusu kilo ya unga kila mmoja kwa siku, siku 14, ni kilo 42. Hayo ni madebe mawili ya mahindi na ushee. Nenda soko la mahindi la Kibaigwa au sokoni Majengo Juni, uone bei ya debe, halafu rudi Machi uulize tena. Mkulima anayeuza gunia la mwisho Juni kwa sababu ya harusi ananiumiza roho, nalisema hili mbele ya wazee na sitalificha.

Anayeishi kwa kibarua ataniuliza hela ya madebe mawili iko wapi. Simwambii anunue kwa mkupuo. Vikoba tunavyo, tukubaliane fungu moja la mwaka litoke Juni, na litoke kwa mahindi, lisitoke kwa vitenge.

Ila yakaushwe! Mwaka 2016 Chemba na Kondoa, na wenzetu wa Manyara, walikula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka, na watu wapatao 20 wakafa. Anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu, funga, tikisa, iache kidogo. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani. Na ugonjwa kukuta kihenge kitupu si jambo geni. Babu zetu wa Ugogo waliijua njaa ya Mtunya: majeshi ya vita ile ya 1914 yalikomba nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, mvua ikakosekana, na homa kubwa ya mafua ikawakuta watu hawana nguvu hata ya kuteka maji.

Mengine kwa haraka. Mwenye sukari, presha, au anayetumia dawa za kila siku, asisubiri vidonge vya mwisho ndipo aende kliniki. Daftari la namba za simu liwe ukutani, kwa sababu simu ikizima chaji namba zote zinazima nayo. Mgonjwa apewe chumba chenye dirisha, dirisha lifunguliwe, na mhudumu awe mmoja, mzima, asiwe bibi wa nyumba. Kuhusu kujifukiza na barakoa nilikuwa na maneno, lakini muda hauniruhusu.

Yule mama wa nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja chumba cha mgonjwa. Najua, nyumba ni chumba na sebule. Simama mama, uliza, tulipange pamoja hapa hapa.