Farasi Anayepaliliwa

Shikamooni wazee wangu. Habari zenu ndugu zangu, na asanteni kwa kuutoa mchana wenu wa Jumamosi.

Naomba nianze na nyundo. Kiangazi kilichopita nilipanda kilima cha Uffington, kule Oxfordshire, nikapewa nyundo na ndoo ya chaki, nikapiga magoti shingoni mwa farasi. Farasi mwenyewe ni mchoro mkubwa mweupe: mitaro iliyochimbwa kwenye nyasi za kilima na kujazwa chaki iliyopondwa, urefu wake kama mita 110. Kazi ilikuwa kung'oa magugu yaliyoota mwilini mwake, kumwaga chaki mpya, kisha kuiponda mpaka ilainike na kushikamana. Kulia kwangu alikuwepo mzee mstaafu, kushoto mama na mwanawe wa miaka tisa hivi. Hatukuwa tunafahamiana. Hadi saa sita mchana tulikuwa tumemaliza kipande kama cha mkeka mmoja.

Miaka ya 1990 wataalamu walipima udongo wa chini ya farasi, wakitafuta ni lini uliona mwanga wa jua kwa mara ya mwisho, wakakuta kwamba alichimbwa kati ya mwaka 1380 na 550 kabla ya Kristo. Tuseme miaka 3,000. Sasa fikirini jambo hili, maana ndilo lililonileta mbele yenu. Nyasi zikiachwa zinamfunika farasi yule katika muda ambao mtoto anakua na kuoa. Basi hakuna kizazi kilichoruka zamu. Lugha zilibadilika pale bondeni, dini zikabadilika, watawala wakaja na kuondoka, na bado kuna mtu aliyepanda na jembe lake kumpalilia. Mpaka karne ya 19 kazi hiyo ilikuwa ikifanywa kila baada ya miaka kadhaa, saba hivi, pamoja na sherehe: mieleka, vyakula, jibini likiviringishwa kuteremka bondeni. Hakuna aliyetenganisha kutunza na kushangilia. Siku hizi mtunzaji ni shirika la uhifadhi la National Trust, lakini mikono bado ni ya watu wa kawaida wanaojitolea.

Chaki hii ni nini hasa? Ni mabaki ya viumbe vidogo vya baharini visivyoonekana kwa macho, vilivyorundikana sakafuni mwa bahari kati ya miaka milioni 100 na milioni 66 iliyopita. Sisi wa pwani tusiione ngeni. Kuta za Gedi na Kilwa ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Nazo ni kazi ya viumbe wa bahari. Tofauti ni kwamba hapa Uingereza bahari hiyo ya kale imeinuka ikawa vilima, kutoka Dorset mpaka majabali meupe ya Dover.

Nikija kwenye nyasi, nawaomba mnivumilie, kwa sababu kitu hiki kilinishinda kukielewa. Nimelelewa shambani. Kwetu udongo mzuri ni udongo mweusi, wenye samadi. Kumbe juu ya chaki rutuba ndiyo inayoua! Udongo pale ni mwembamba na maskini, na kwa sababu hiyo hakuna mmea mmoja unaopata nguvu ya kuwakandamiza wenzake. Katika mita moja ya mraba unaweza kuhesabu aina 40 za mimea, okidi zikiwemo. Kuna kipepeo wa buluu, Adonis, ambaye kiwavi wake hula mmea mmoja tu wa jamii ya kunde, tena unaoota kwenye nyasi fupi, na sisimizi ndio wanaomlinda. Weka mbolea, au ondoa kondoo wanaozila nyasi na kuzifupisha, vichaka vikaota, na wote hao wanakwenda. Ndivyo ilivyotokea: tangu Vita Vikuu vya Pili, kwa majembe ya trekta, mbolea na malisho kutelekezwa, inakadiriwa asilimia 80 ya nyasi hizo zimepotea.

Kwa hiyo ukizungushia uzio ukaondoka, hujahifadhi kitu. Panatakiwa meno ya kondoo, na kondoo wanataka mchungaji. Brighton wamelitatua kwa namna inayonigusa sana: wakazi wa mjini, walimu, madereva, wastaafu, wanafundishwa na kupangiwa zamu ya kuwaangalia kondoo vilimani. Wanahesabu, wanatazama nani anachechemea, nani ameanguka chali, maana kondoo aliyelala chali asipoinuliwa anaweza kufa. Upande huohuo, kwenye vilima vya chaki vya South Downs, ulianzishwa ushirika uitwao Changing Chalk, ukiongozwa na National Trust, uliowakutanisha wakulima, halmashauri na vikundi vya mitaani. Na kwenye vilima vya Chilterns, mradi ulioanza mwaka 2019 ulipewa jina la chaki, cheri na viti, yaani mwamba wao, matunda yao na ufundi wao wa useremala vikatajwa kwa pumzi moja. Waliochagua jina hilo walijua watu hupenda mahali kwa sababu ya kilichowalisha.

Mito sitaigusa sana, nayo inastahili siku yake. Mito ya chaki, yaani ile ambayo maji yake yanachipuka kutoka kwenye mwamba huo, haifiki mia tatu duniani kote, na mingi iko humu Uingereza.

Wengi wenu mnaishi Reading, Swindon, Brighton, mnaviona vilima hivi dirishani mwa treni. Wenye vilima wanahitaji watu, na hawaulizi umezaliwa wapi. Zamu ya farasi huwa kiangazi, na nafasi hujaa mapema, kwa hiyo jiandikisheni. Nyundo wanatoa wao. Ninyi mje na kofia, maji ya kunywa, na kipande cha godoro cha kuwekea magoti.