Paka wako kashiba, ila kashiba unga

Haya jamani asalaam aleikum, wazee shikamooni, wenzangu mambo zenu. Nimeambiwa nisivute sana muda maana watu wanawahi alasiri, basi tuingie kwenye sahani moja kwa moja, sahani ya paka namaanisha. Hapa Tanga nyumba nyingi paka anapewa nini? Ugali umeloweshwa mchuzi, juu kichwa cha kibua na miba, kwisha. Anakula, anajilamba, anajinyoosha barazani na sisi tunasema huyu keshashiba. Mama hapa mbele anacheka, anajijua!

Sasa paka si mbwa. Mbwa utampa makombo ya ugali akasukuma maisha, lakini paka kaumbiwa nyama, ini lake linavunja protini muda wote hata siku ambayo hajaila, halijui kubana matumizi, kwa hiyo isipoingia kwa mdomo mwili unaanza kula misuli yake wenyewe. Ndo unaona tumbo limejaa ila ukimpapasa mgongo unahesabu mifupa, na manyoya yamefubaa. (Minyoo nayo inafanya hivyohivyo, mpe dawa kwanza kabla hujalaumu chakula.)

Kiasi gani? Paka mzima wa kilo 4 mi nasema lenga kama gramu 20 za protini kwa siku, mwenye mimba, anayenyonyesha na watoto wanataka zaidi. Yai moja lina gramu 6 hivi, mnofu wa kuku ulioiva gramu 100 unapata kama 27, na ugali gramu 100 hizohizo haufiki hata 5. Piga hesabu mwenyewe.

Halafu kuna kitu kinaitwa taurini, kiko kwenye nyama na samaki, kwenye unga hakipo kabisa. Paka akikikosa muda mrefu macho yanaharibika mpaka upofu, na moyo unatanuka unaishiwa nguvu. Hiyo ya moyo ilikuja kujulikana 1987, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, Marekani, na wale paka wala hawakuwa wa jalalani, walikuwa wanakula chakula cha dukani! Baada ya hapo viwanda vikaongeza taurini. Sasa taurini inatoroka na maji ya kuchemshia, kwa hiyo ile supu usimwage, mpe anywe, ila isiwe na kitunguu wala saumu, hivyo vinamharibu damu.

Najua mtasema nyama bei. Sasa nani kasema steki? Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi uchukue uono, wale samaki wadogo, nenda kwa muuza kuku uombe firigisi na mioyo, moyo ndo una taurini ya kutosha. Maini kidogo tu, vitamini A ikizidi inamkakamaza mifupa. Uono uchemshe, usimpe mbichi kila siku, samaki wa jamii hiyo wakiwa wabichi wana kitu kinachoua vitamini B1 na moto unakimaliza. Dagaa wakavu wa chumvi loweka umwage maji. Na samaki peke yake siku zote hapana, changanya na kuku. Ugali sijasema uufute, ugeuze tu, mafungu matatu ya kitoweo, moja la ugali, sio kinyume chake kama tunavyofanya.

Wa makopo nanyi msidanganywe na namba. Kopo limeandikwa protini asilimia 10, pakiti kavu asilimia 30, mtu anakimbilia pakiti. Lakini lile kopo karibu asilimia 78 ni maji, ukiyatoa inabaki kama 45, pakiti ukitoa maji yake inafika 33 hivi. Kopo limeshinda.

Paka mzee anayekunywa maji sana na kukonda, huyo usimwongezee protini kabla daktari wa mifugo hajampima figo.

Na mwisho hili la kususa. Ukibadilisha ghafla anaweza kugoma, halafu nyumbani wanasema mwache njaa itamfundisha. Hapana! Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula mafuta yanajaa kwenye ini na anaweza kufa. Changanya kidogo kidogo kwa wiki nzima, pasha kitoweo kidogo kitoe harufu, na akigoma mrudishie cha zamani siku hiyo, kesho unajaribu tena.